Umeniuliza kama bajeti ina jinsia

Shoga yangu,

Barua yako nimeipata, na nimecheka pale ulipoandika kwamba bajeti ni hesabu tu, na hesabu haina mke wala mume. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka nilipokaa na kitabu cha makadirio nikaacha kulitafuta neno “wanawake”. Ukilikuta, mara nyingi ni kifungu kidogo cha semina na fulana za Siku ya Wanawake.

Wewe tazama kifungu cha matengenezo ya pampu za maji. Kikikatwa, huandikwa kwamba fedha zimeokolewa. Lakini pampu ikifa, kiu haifi nayo. Kuna mtu atayafuata maji kwa ndoo, na unamjua ni nani. Saa zake mbili za alfajiri hazilipwi, kwa hiyo haziingii katika hesabu ya mtu. Hapo sioni kubana matumizi. Naona mzigo umetoka hazina ukatua kichwani mwa mwanamke.

Kwenye kodi ndiko mambo yanakoteleza. Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 kodi ikarudishwa. Nafuu ya namna hiyo humfikia kwanza mfanyabiashara, na asipofuatiliwa hubaki nayo. Ningekuwa na sauti, fedha za kodi hiyo ningezinunulia taulo zipelekwe shuleni moja kwa moja. Sweden ilifanya jambo lisilo na mbwembwe: mwaka 1971 iliacha kujumlisha mapato ya mume na mke kwa ajili ya kodi. Kabla ya hapo mshahara wa mke ulijumlishwa na ule wa mume na kukatwa kodi kwa kiwango kikubwa, hata wengine wakaona heri wabaki nyumbani.

Umeniuliza pia nani anawabana wakubwa wanaopanga bajeti: Australia ilianza mwaka 1984 kuchambua bajeti kwa jicho la wanawake, na sheria ya fedha za umma ya Uganda ya mwaka 2015 inadai cheti cha jinsia na usawa, yaani uthibitisho kwamba bajeti imezingatia mambo hayo. Vizuri, ila cheti hukagua makadirio, na makadirio ni ahadi. (Unanijua nilivyo na ahadi.)

Kwa hiyo ukienda kwenye kikao chenu, usiulize zimetengwa ngapi. Uliza zilizotolewa, robo kwa robo, kisha uniandikie walivyojibu.

Wako wa siku zote