WITO WA HARAMBEE: Wazee wetu wa Ganze wasiachwe peke yao

Ndugu, jamaa na marafiki,

Tunawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Tunarudi kwenu tukiona haya, maana hata mwaka haujaisha tangu mtuchangie magodoro na mashine ya kupimia presha.

Wiki iliyopita bibi mmoja aliyepooza upande mmoja alikutwa sakafuni, ameanguka tangu jana yake jioni. Midomo imemkauka, nguo zimemlowa, na mtungi wa maji uko pale pale anauona. Siku hiyo zamu ya kumhudumia ilikuwa ya mama mmoja wa kikundi chetu anayekaa ng'ambo ya silanga, yaani bwawa la maji. Hakuwa na nauli ya boda, na goti lake haliwezi tena mwendo ule juani. Naye pia umri umekwenda.

Kikundi chetu ni akina mama na vijana wachache waliogawana nyumba za wazee. Wanachota maji, wanapika uji, wanafua, wanahakikisha dawa za presha na sukari zimemezwa, wanamsindikiza mzee kuchukua pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, zisije zikaishia kwa mjukuu. Serikali inawapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, nasi tunashukuru. Lakini pesa hiyo haimgeuzi mtu kitandani.

Tena kuna hili ambalo sisi watu wa Kilifi tunalijua hata tukinyamaza. Hapa kwetu mvi zimewaua watu. Mzee anasingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ni ugomvi wa shamba. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kimbilio la wazee wanaosingiziwa uchawi, kuokoa roho zao. Mzee anayepigiwa hodi na majirani kila asubuhi si rahisi kuzushiwa, ndiyo maana tumeng'ang'ania zamu hizi.

Tuseme wazi: harambee ya jengo hujaa, kwa kuwa jengo lina jiwe la msingi na picha. Nauli, sabuni, unga na nepi za watu wazima hazina mgeni rasmi. Sisi tunaombea hizo. Shilingi 240,000 zitaendesha zamu zote mwaka mzima. Wewe uliye Nairobi, Mombasa, Saudia au Qatar, na mama yako tunamwogesha sisi, ahidi kitu cha kila mwezi, hata 200. Hatukuulizi ulimpigia simu lini.

Michango itapokewa na mweka hazina mbele ya chifu na viongozi wa kanisa na msikiti. Kila mtu atapewa risiti, na hesabu zitasomwa barazani kila baada ya miezi mitatu.

Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Asiyeweza kufika atume na anayekuja. Mwenye kuku au mbuzi alete, tutanadi hapo hapo.

Mungu awazidishie.

Kwa niaba ya kamati,
Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina