Mgogoro wa kiwanja uanzie Baraza la Kata

Habari za jioni majirani. Maneno ya majirani wanaogombania ukuta na mfereji yamekuwa makali humu kwenye kundi letu, naomba yaishe. Mwenye mgogoro wa kiwanja aanzie Baraza la Kata. Tangu sheria ya Tanzania ibadilishwe 2021 baraza halitoi tena hukumu ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha tu, kwa hiyo hakuna wa kuogopa kuitwa. Likishindwa, linatoa cheti cha kuthibitisha kwamba suluhu imeshindikana, na unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda hata bila cheti. Beba karatasi za mauziano na shahidi aliyekuwepo mkipima, siyo aliyesimuliwa. Na picha za ukuta mnazorusha hapa usiku wa manane, wapelekeeni wajumbe wa baraza.