Risala ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba, Pangani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, viongozi wa kata, wazazi wenzetu na ninyi watoto mnaohitimu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuja. Kabla ya ngoma na maigizo, tunalo jambo linalotukereketa kila matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotoka.

Mji wetu ni mdogo. Shule za msingi za serikali tunazihesabu kwa vidole. Matokeo yakitoka tu, simu zinaanza kuzunguka: shule fulani wastani wake huu kati ya alama 300, ya kwetu huu. Baraza la Mitihani lenyewe, tangu matokeo ya kidato cha nne ya Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora. Sisi huku sokoni na barazani bado tunazipanga. Shule zikifunguliwa, wazazi wanaomba uhamisho, na wengine wanaandikisha mtoto kwa anwani ya shangazi.

Hatuwalaumu. Baadhi yetu tulioandika risala hii tuliwahi kuwaza hivyo hivyo. Ila uhamisho huu unaumiza. Ruzuku ya uendeshaji, ile shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, inafuata idadi ya watoto. Wakipungua huku, fedha ya chaki na karatasi inapungua, na darasa la kufundisha ni lile lile. Kule walikokimbilia, chumba kilichopangiwa watoto 45 kinafurika na kwenye dawati moja wanabanana watoto wanne. Shule zote mbili zinaumia.

Tena wastani hausemi mtoto katoka wapi. Yupo binti hapa mbele, mheshimiwa, aliyehamia Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, kwa bibi yake akiwa darasa la tano. Akakataa katakata kuiacha shule hii. Asubuhi anavuka mto, na siku kivuko kikichelewa, kipindi cha Hisabati kimeshampita. Wapo wenzake wanaotoka kwenye mashamba ya mkonge. Mama kaingia shambani alfajiri, mtoto kaja bila hata chai. Tunamlinganishaje na aliyelala hatua chache kutoka darasani kwake, tumbo limeshiba?

Kama ni kulinganisha, tunaomba tulinganishwe pia kwa darasa la pili. Walimu wetu wa madarasa ya chini hawamwachi mtoto mpaka asome, aandike na ahesabu. Wanabaki naye mchana, bila malipo. Tunawashukuru mbele yako, kwa majina yao yote tunayoyajua sisi na watoto wetu.

Maombi yetu. Tupatiwe mwalimu wa Hisabati, maana aliyepo anabeba madarasa matatu peke yake. Pia utusaidie kuzikutanisha kamati za shule zote za mji huu, tukubaliane kuhusu uhamisho na tuazimane walimu wa masomo yanayopungukiwa, badala ya kunyang'anyana watoto. Na uji wa saa nne: sufuria tunayo, kuni na maji tutaleta wenyewe kwa zamu, mpishi amejitolea. Tumekwama kwenye unga na sukari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.