Kaka amenisamehe kosa ambalo sikulitenda

Ndugu mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Baba alifariki mwaka 2022 akatuachia shamba la ekari mbili Hombolo. Alikuwa ameshaligawa kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mama: ekari ya juu, yenye mizabibu ya zamani, ni ya kaka, ya chini ni yangu. Mpaka wetu ni kinjia cha miguu, na hatukuwahi kuugombania.

Kaka anafanya biashara ya mahindi Kibaigwa, shambani haji mara kwa mara. Aliyekuwa akihangaika na mbuzi ni mimi. Anayelima zabibu ananielewa: mzabibu ukishapogolewa ukaanza kuchipua, mbuzi wawili wakiingia asubuhi moja wamekumalizia msimu. Basi mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, nikatafuta vibarua tukapanda minyaa kuzunguka shamba. Nilizungusha ekari zote mbili kwa fedha yangu, maana ya kaka nayo ilikuwa inaliwa. Nilikusudia nimwambie Krismasi tukikutana kwa mama. Nilitaka afurahi.

Akatangulia kufika. Alipita kumjulia hali mama, akaenda shambani, akakuta vijiti vya minyaa vimesimama kwenye ekari yake, utomvu mweupe bado unachuruzika pale vilipokatwa. Huku kwetu minyaa ndiyo alama ya mpaka, hata mtoto anajua. Akamuuliza kibarua shamba hili la nani. Kibarua akamjibu, "La mama wa Ipagala, ametuambia tuzungushe lote." Kijana wa watu hakusema uongo. Ndivyo alivyojua.

Jioni ikaingia meseji. Haikuwa na salamu, ilikuwa na maneno haya tu: Mithali 22:28. Nikafungua Biblia nimesimama palepale jikoni. "Usiondoe alama ya mpaka wa zamani, uliowekwa na baba zako." Nilitetemeka.

Hapo ndipo nilipokosea, na nasema wazi. Badala ya kumpigia, nilirekodi sauti nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, walimo shangazi zetu, baba wadogo, mpaka watoto waliomaliza shule juzi. Nilisema mtu anayejua mipaka leo hakuonekana baba alipokuwa anauguzwa, na kwamba hata saruji ya kaburi niliinunua mimi. Ya saruji ni kweli. Lakini gharama za hospitali alizibeba yeye, karibu zote, na hilo sikulisema. Kaka akatoka kwenye kundi bila neno.

Krismasi mama alipika mara mbili. Kaka na familia yake walikuja asubuhi, sisi tukafika jioni. Nilipofunua bakuli nikakuta amenitengea nyama kama ile aliyowapa wao, kipande kwa kipande, na mlenda ameupika upya ili nisile kiporo. Mama ana miaka sabini na kitu, na tulikuwa tumemfanya mpishi wa zamu mbili.

Mwezi wa tatu nikasema inatosha, nikapanda basi mpaka Kibaigwa. Tangu utoto kaka hunisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa!" Siku hiyo alisema, "Habari yako, dada." Wifi akaleta chai na maandazi, wakaniuliza hali ya watoto. Nilipoanza tu kueleza habari ya minyaa, kaka akainua mkono. "Mdogo wangu, mimi nilishakusamehe. Yamekwisha. Tumwachie Mungu." Akafumba macho akaanza kuomba, na kwenye maombi akamwomba Mungu anitoe roho ya tamaa ya mali. Nikaitikia amina. Ningefanyaje?

Ndugu mshauri, huo ndio mzigo wangu. Kaka amenisamehe wizi ambao sikuufanya, na ile sauti ya kumdhalilisha mbele ya ukoo, ambayo ni kosa langu hasa, hatujaigusa mpaka leo. Nikifungua mdomo ananijibu yamekwisha. Yeye ni mzee wa kanisa, na naamini anadhani anatenda haki. Lakini kwa mama bado tunapishana, na simu zangu anapokea mkewe.

Mume wangu anasema niache, msamaha ni msamaha. Akina mama wenzangu kanisani wanasema nisali tu. Nasali. Ila nikisoma Mathayo 18 naona Bwana anasema uende kwanza, "wewe na yeye peke yenu", kisha mashahidi, kisha kanisa. Mimi nilianza na ukoo mzima, kichwa chini miguu juu. Sasa nikirudi na mashahidi wawili, si atasema nimekuja tena kumwaibisha?

Habari inayonishika zaidi ni ya Yoshua 22. Wareubeni, Wagadi na nusu ya Manase walijenga madhabahu kando ya Yordani, ndugu zao wakadhani wameasi, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kabla ya upanga walimtuma Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Wakaambiwa madhabahu ile ni shahidi tu, kwamba sisi nasi ni wenzenu. Vita ikaishia hapo. Minyaa yangu ni madhabahu ile kabisa, ila kwangu hakuna aliyekuja kuuliza, na mimi nilipokwenda kueleza nikafungwa mdomo kwa maombi.

Naomba unishauri, na msomaji yeyote aliyepita njia hii anisaidie. Je, niing'oe minyaa ya upande wake? Imeshafika magotini. Nikiing'oa nitakuwa nimekiri wizi, na mbuzi watarudi kwenye mizabibu ya baba. Nikiiacha, kila akipita anauona "mpaka" wangu. Je, niombe radhi ya ile sauti kwenye kundi lilelile nilikomtukania, ingawa yeye hayumo tena, au nimwandikie barua ya mkono peke yake? Na hili la shamba, ni halali mbele za Mungu kulinyamazia, nikapokea msamaha wa uongo ili amani ipatikane? Tangu Pasaka wenzangu wakisogea kwenye Meza ya Bwana mimi nabaki kwenye benchi, kwa sababu najua ndugu yangu ana neno juu yangu.

Mwezi wa nane mama anataka ibada ya kumkumbuka baba palepale Hombolo. Juzi ameniuliza siku hiyo apike mara ngapi. Sijamjibu.

Dada wa Hombolo,
Dodoma