Mdogo wangu, pipa la uani lina kazi yake

Mdogo wangu,

Mama alinipigia juzi usiku, akaniambia umeomba lile pipa la bluu la uani na mito miwili ya zamani. Hukumwambia ni vya nini. Mimi nilijua unataka kujifungia humo ushuke nalo poromoko, maana video zako za Morogoro nimeziona zote, tangu ile ya kwanza ulipojirusha poromoko dogo na wenzako wakapiga mayowe ng'ambo. Naandika hadharani ili na wanaokushangilia wanisikie.

Tarehe 24 Oktoba 1901, siku aliyotimiza miaka 63, mwalimu wa Marekani, Annie Edson Taylor, alijifungia kwenye pipa la mbao lenye godoro ndani. Wakamjazia hewa kwa pampu ya baiskeli, wakamwachia mto umshushe maporomoko makubwa ya Niagara. Alitoka hai, na jeraha kichwani. Alitaka unachotaka wewe: hela. Alikuwa akiogopa kuzeeka fukara. Meneja wake akatoroka na pipa, akiba yake ikaishia kulisaka, na mwaka 1921 akafa maskini. Na huyo ndiye aliyefanikiwa! Hilo linaniuma kuliko kuanguka kwenyewe.

Charles Stephens, kinyozi wa Uingereza, mwaka 1920 alishuka Niagara ndani ya pipa, amejifunga fuawe la mhunzi miguuni. Ulipatikana mkono tu. George Stathakis, mwaka 1930, pipa lake lilihimili kuanguka, lakini maji yakalishikilia nyuma ya poromoko kwa saa nyingi, hewa ikamwishia humo ndani.

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu umezoea kusema umekulia Kigamboni, maji huyaogopi. Bahari inakubeba. Maji meupe chini ya poromoko yamejaa mapovu ya hewa, hayakubebi, na mkondo wake unakurudisha palepale yanapoangukia. Unapiga mikono, hupati cha kusukuma. Ukidondoka mita 20 tu, unayagonga kwa kasi ya kama kilomita 70 kwa saa. Mawe ya chini huyaoni. Tena mvua inaweza kunyesha juu kule Uluguru, mto ukafura ghafla huku mlipo nyinyi jua linawaka.

Najua kodi ya chumba inakukaba, na najua umezunguka na vyeti mpaka soli zimeisha. Sikuoni mvivu, na sikukatazi kurekodi. Ile video yako ya wavuvi wa Feri alfajiri, yule mzee anayehesabu vibua huku anaimba, niliirudia mara nne. Watazamaji walikuwa wachache, nakubali. Mimi nililia.

Leo maji ya bomba yalitoka saa kumi alfajiri, pipa nimelijaza mpaka juu. Jumapili Mama anapika wali wa nazi na samaki. Njoo mapema, kabla ya adhuhuri, na simu yako iwe na chaji. Anataka umrekodi anavyokuna nazi.

Dada yako