Huruma Iliyobaki Kitabuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaofufuka kila inapotoka filamu iliyotokana na riwaya, yaani iwapo mwongozaji ameifuata hadithi au ameipotosha. Wahakiki wetu wengi huorodhesha matukio yaliyokatwa, jambo ambalo kwangu halina uzito mkubwa, kwa kuwa riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000 haiwezi kuingia yote kwenye sinema. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini upande wa wema unashinda, kwa sababu hapo ndipo riwaya ya fantasia huweka fundisho lake, na hapo ndipo filamu inapoweza kulibadilisha bila mtazamaji kugutuka.

Tuchukue The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, na filamu tatu za Peter Jackson za mwaka 2001 hadi 2003, ambazo wengi wetu tuliziona muda mrefu kabla ya kukishika kitabu. Kitabuni, Frodo, mhusika mkuu, anashindwa. Anafika ukingoni mwa shimo la moto ndani ya mlima alikotumwa kuiteketeza Pete, pete ya uchawi ya mtawala mwovu Sauron, na, badala ya kuitupa, anatangaza kuwa ni yake na kuivaa. Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na Pete hiyo na bado anaitamani, anamrukia, anakikata kwa meno kidole chenye Pete, anacheza kwa furaha huku akiikodolea macho, anakosea hatua na kutumbukia nayo. Hakuna aliyemsukuma. Dunia inaokoka kwa sababu kiumbe yule duni alikuwa bado hai, na alikuwa hai kwa sababu Bilbo, jamaa mzee wa Frodo aliyemwachia Pete, kisha Frodo mwenyewe, kisha Sam, mtumishi na rafiki wa Frodo, kila mmoja kwa wakati wake, alipata nafasi na sababu ya kumuua, akamwacha. Huyo Sam, ambaye tangu mwanzo hakumpenda Gollum hata chembe, anamwachia kwenye mteremko wa mlima ule ule, muda mfupi kabla ya mwisho, kwa kuwa yeye naye alishaibeba Pete kidogo na kuonja mateso yake.

Katika filamu, Frodo aliyepoteza kidole anainuka, anamvamia Gollum ili ainyang'anye Pete, wanakabana ukingoni na kuanguka, na Frodo anabaki akining'inia kwenye mwamba hadi Sam anapomvuta. Inasisimua, sikatai. Lakini sasa Pete imeangamia kwa sababu wawili waliigombania, na ile huruma ya Sam mlimani haimo kabisa. Cha ajabu ni kwamba filamu ya kwanza iliyahifadhi maneno ya mchawi mwema Gandalf kwamba huruma ya Bilbo huenda ikaamua hatima ya wengi, tena akayatamka kwa uzito gizani katika mapango ya Moria. Deni liliandikwa katika filamu ya kwanza, na ya tatu haikulilipa.

Mashabiki wa kitabu hulalamika zaidi kuhusu Faramir, kapteni wa jeshi la upande wa wema anayekutana na Frodo safarini, ambaye kitabuni anasema asingeiokota Pete hata angeikuta njiani, ilhali katika filamu anamteka Frodo na kumpeleka mji wa Osgiliath kabla ya kumwachia. Hapo siwaungi mkono. Waandishi wa filamu walijitetea kwamba Pete ingepoteza makali yake kama mtu angeikataa papo hapo, na hoja hiyo ina mashiko kwa mtazamaji, ambaye hana namna ya kusoma yaliyomo moyoni mwa mhusika. Faramir wa filamu anachelewa kufika kwenye wema, lakini anafika.

Siwezi kumtetea hivyo Aragorn, mrithi wa ufalme. Katika toleo refu la filamu ya tatu, msemaji wa Sauron anatoka langoni kuzungumza na majeshi ya Magharibi, na Aragorn anamkata kichwa, kisha mwenzake Gimli analigeuza jambo hilo kuwa mzaha. Kitabuni msemaji huyo anaingiwa na hofu, anadai kinga ya mjumbe, Gandalf anamjibu kuwa hakuna aliyemtishia, naye anarudi alikotoka akiwa mzima. Sisi tuliolelewa na msemo kwamba mjumbe hauawi hatuhitaji kuelezwa ni yupi kati ya wafalme hao wawili, wa kitabuni na wa filamuni, anayestahili taji.

Kuna pia sura za mwisho zinazohusu Shire, nchi ya kwao Frodo. Kitabuni Frodo, Sam na wenzao wawili wanarudi na kukuta kwao kumetekwa na majambazi wa mchawi msaliti Saruman, miti imekatwa, wenyeji wanaishi kwa hofu. Wanapigana, lakini Frodo hachomoi upanga. Kazi yake kubwa ni kuwazuia wenzake wenye hasira wasiwaue maadui waliotupa silaha, na hata Saruman anapojaribu kumchoma kisu, Frodo anaamuru aachwe aende zake. Katika filamu Shire haikuguswa, kwa hiyo Frodo hana wa kumsamehe.

Ningependa wahakiki wa gazeti hili waanzie hapo watakapoandika tena kuhusu filamu ya aina hii, hasa kwa kuwa vitabu vyenyewe si rahisi kuvipata madukani kwetu, na vijana wengi wataijua hadithi kwa filamu tu.

Msomaji wenu,
Tanga