Ini, majira ya Wachina na uraka wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ini. Tiba ya jadi ya Kichina hulihusisha ini na majira ya kuchipua, rangi ya kijani na hasira, hivyo majira hayo yanapowadia watu hushauriwa kula mboga za majani, kulala mapema na kutuliza moyo. Sisi wa Masasi tuna masika na kiangazi tu, na mabibo ya mikorosho yanapoiva, uraka na nipa, pombe zitokanazo na mabibo hayo, hunywewa kana kwamba ini ni chuma. Ushauri wa mboga naupokea (kisamvu hatukikosi), lakini dawa za mitishamba zinazonadiwa mitaani kuwa husafisha ini zinanitia shaka, kwa kuwa baadhi ya mitishamba huweza kulidhuru ini lenyewe. Ningependa maofisa afya wasisitize zaidi upimaji na chanjo ya homa ya ini aina ya B, pamoja na kukausha vyema karanga na mahindi kabla ya kuhifadhi, kwani ukungu wake huweza kuzalisha sumukuvu, ambayo husababisha saratani ya ini na haiishi kwa kupikwa.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara